Mtu Hakatai Wito, Hukataa Aitiwalo

Yapo maneno katika lugha yetu ambayo yakitamkwa tu, moyo wa msikilizaji hupiga mshindo. Samansi ni mojawapo. Mtu akiambiwa kwamba ameletewa samansi, aghalabu hajiulizi ni nani aliyemshtaki wala ni kwa jambo gani. Hujiuliza atajificha wapi. Wengine hutokea mlango wa uani. Wengine huwafunza watoto wao kusema kwamba baba amesafiri na hajulikani atarudi lini. Wapo hata wanaoichana karatasi mbele ya aliyeileta, wakidhani kuwa kwa kuichana karatasi wameichana na kesi. Na wapo wale ambao hawakukimbia wala hawakuchana chochote kwa sababu hawakuletewa chochote, wakaja kuijua kesi asubuhi ile dalali alipoegesha lori nje ya lango lao.

Makundi haya mawili, la wanaoukimbia wito na la wasiofikiwa na wito, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo. Nataka kuwaeleza walimu na wanafunzi, ambao najua ni wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, masharti ambayo sheria ya Kenya imeyaweka kuhusu samansi katika kesi za madai. Shabaha yangu si kumfanya mtu yeyote wakili. Ninachodai ni kwamba masharti hayo, ambayo wengi huyaona kuwa miiba ya urasimu, ndiyo mlango wa haki ya kusikizwa. Anayeukimbia mlango huo hujinyima haki yake mwenyewe, na anayeubomoa humnyima mwenzake.

Wahenga walilikata neno hili zamani waliposema kwamba mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Methali hii hutumiwa sana kumsuta anayeitwa akakataa kwenda, lakini ukiitafakari utaona kwamba inambebesha mzigo aitaye pia. Ili mtu aweze kulikataa aitiwalo, ni sharti kwanza aambiwe ameitwa na nani, ameitiwa nini, na afike lini. Na maneno hayo yamfikie yeye mwenyewe, si jirani yake. Mzee aliyetaka kumwita mwenzake barazani hakumtuma mpita njia. Alimtuma mtu mwaminifu, akamwambia la kusema, na akampa mwenzake muda wa kujiandaa. Ajabu ni kwamba ukizifungua Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 5, utayakuta mambo hayo hayo yamepangwa moja baada ya jingine.

Kabla hatujayaingia, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kesi ya jinai ni ile ambayo Serikali humshtaki mtu kwa kosa kama wizi au kujeruhi. Kesi ya madai ni ile ambayo mtu, kampuni au taasisi humdai mwenzake haki fulani: deni, shamba, fidia ya ajali, mkataba uliovunjwa. Anayefungua kesi ya namna hii tumwite mdai, na anayeshtakiwa tumwite mdaiwa, hata kama kinachogombaniwa si fedha. Samansi anayopelekewa mdaiwa katika kesi ya madai si hati ya kumkamata. Haisemi kwamba ana hatia wala haimpeleki korokoroni. Inamwambia tu kwamba kuna mtu amelalamika, na kwamba mahakama inataka kumsikia yeye pia kabla haijaamua. Samansi ya shahidi ni jambo tofauti. Shahidi aliyeitwa ipasavyo akakaidi bila sababu anaweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Sheria hii tuliirithi. Wakoloni Waingereza walipoanza kuendesha mahakama zao katika nchi hii waliegemea sheria walizokuwa wamezitunga kwa ajili ya India, na hadi leo anayeisoma sheria ya India ya mwaka 1908 kuhusu mwenendo wa kesi za madai ataona undugu wake na yetu. Tulitumia kanuni za mwaka 1948, zikirekebishwa hapa na pale, hadi zilipotungwa zile za mwaka 2010. Hata hivyo, asili ya ugenini haiufanyi msingi wake uwe mgeni kwetu, kama methali yetu inavyoshuhudia.

Tuanze na anayeita. Samansi si barua ya mdai wala ya wakili wake. Ni kweli kwamba mdai au wakili wake ndiye anayeiandaa na kuiwasilisha pamoja na hati ya madai anapofungua kesi. Lakini karatasi hiyo haina nguvu mpaka itiwe sahihi na jaji, au ofisa aliyeteuliwa naye, na kupigwa muhuri wa mahakama. Kanuni zinataka jambo hilo lifanywe bila kuchelewa, na kwa vyovyote vile lisipite siku 30 tangu kesi ilipofunguliwa. Sahihi na muhuri ndivyo vinavyotofautisha wito wa mahakama na vitisho vya mdai. Nimewahi kuonyeshwa barua yenye maneno makali, iliyopambwa kwa herufi kubwa nyekundu, ambayo mwenye kuipokea aliamini kuwa ni samansi. Ilikuwa barua ya madai tu. Haikuwa na nambari ya kesi, wala jina la mahakama, wala muhuri. Barua ya namna hiyo inastahili kujibiwa, lakini si wito wa mahakama.

Jambo la pili ni kile mtu anachoitiwa. Kila samansi ni lazima iambatane na nakala ya hati ya madai, yaani maelezo ya kile mdai anachodai na sababu zake. Sharti hili lina hekima kubwa. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya jambo asilolijua. Ukiletewa karatasi moja yenye jina lako na tarehe, bila maelezo yoyote ya madai, wito huo haujakamilika.

Tatu ni muda. Kanuni zinasema kwamba muda wa kufika upangwe kwa kuzingatia mahali anakoishi mdaiwa ili apate nafasi ya kutosha, na kwamba usipungue siku 10. Mkazi wa Mandera aliyeshtakiwa Nairobi hawezi kupimwa kwa kibaba kimoja na mkazi wa Parklands. Na hapa neno “kufika” lina maana ambayo huwapotosha wengi. Si lazima siku hiyo usimame kizimbani. Kufika, kwa hatua hii, ni kuwasilisha katika mahakama karatasi fupi inayosema kwamba umeupata wito na unakusudia kusikizwa, pamoja na anwani ambayo hati nyingine zitaletwa. Ukishaiwasilisha una siku 14 za kuwasilisha utetezi wako kwa maandishi. Unaweza kuyafanya haya kupitia kwa wakili, na unaweza kuyafanya wewe mwenyewe.

Mdai naye hakuachwa alale. Samansi ikishatolewa anatakiwa kuichukua ili ipelekwe katika siku 30 tangu itolewe au tangu ajulishwe, ikitegemea lililotukia baadaye. Asipofanya hivyo, kesi yake hufa. Samansi yenyewe huishi miezi 12. Mdai akiona kwamba muda unamponyoka kabla hajampata mdaiwa, anaweza kuiomba mahakama iuongeze, akionyesha juhudi alizozifanya. Akikaa kimya bila kuomba nyongeza, mahakama inaweza kuitupa kesi yake miezi 24 inapotimia tangu samansi ya kwanza ilipotolewa, tena bila kumpa ilani. Maana yake ni kwamba huwezi kumwekea mtu kesi kichwani kama upanga unaoning’inia, ukaifungua leo na kumwambia baada ya miaka saba, mashahidi wake wamekufa na stakabadhi zake zimeliwa na mchwa.

Sasa tufike penye kiini cha mambo, nako ni namna wito unavyopelekwa. Hapa ndipo panapozaliwa ugomvi mwingi, na hapa ndipo haki za watu wengi zinapopotelea.

Kanuni zimetaja wanaoweza kuipeleka samansi: mahakama yenyewe, mpelekaji wa hati aliyeidhinishwa, wakili au karani wake aliyekubaliwa na mahakama, kampuni ya kusafirisha vifurushi yenye leseni, na katika hali fulani polisi. Na kanuni ya msingi ni hii: kila inapowezekana, samansi apewe mdaiwa mwenyewe mkononi, isipokuwa kama ana wakala mwenye mamlaka ya kumpokelea. Kampuni inapelekewa kupitia kwa katibu wake, mkurugenzi au ofisa mwingine mkuu, na njia nyingine, kama vile kuiacha katika ofisi yake iliyosajiliwa au kuituma kwa rejista, hufuata wakikosekana hao.

Je, mdaiwa asipopatikana? Baada ya kutafutwa mara za kutosha, samansi inaweza kukabidhiwa mtu mzima wa familia yake anayeishi naye. Tuyapime maneno haya, maana kila moja lina uzito. Mtu mzima, basi si mtoto wa darasa la nne aliyekutwa akicheza uwanjani. Wa familia, basi si mfanyakazi wa shamba, wala mlinzi, wala mpangaji wa chumba cha jirani. Anayeishi naye, basi si shemeji aliyekutwa sokoni. Na baada ya kutafutwa. Basi si siku ya kwanza, kwa kubisha hodi mara moja na kuondoka.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu alikuwa mdhamini wa deni la rafiki yake. Rafiki aliposhindwa kulipa, wote wawili walishtakiwa. Mpelekaji wa hati alifika shuleni wakati wa likizo, akamkuta kijana anayekata nyasi, akamwachia bahasha. Kijana akaiweka dirishani mwa ofisi, ikanyeshewa. Mwalimu alikuja kusikia habari za kesi ilipokuwa imekwisha kuamuliwa na mali yake imeandikwa ili ipigwe mnada. Katika hati ya kiapo iliyowasilishwa mahakamani ilielezwa kwamba mwalimu mwenyewe alikabidhiwa samansi akaipokea ila akakataa kutia sahihi. Ilimbidi atafute wakili, akope nauli na ada, na ahudhurie mahakama mara kadhaa ili athibitishe kwamba siku hiyo hata hakuwa katika wilaya ile.

Kisa hiki kinatupeleka kwenye hati ya kiapo ya upelekaji. Aliyepeleka samansi anapaswa kuapa na kuandika ni lini, wapi na namna gani alivyoipeleka, na amtaje mtu aliyemwonyesha mdaiwa kama yupo, pamoja na anwani yake. Mdaiwa aliyepewa nakala naye hutakiwa kutia sahihi kwenye ile ya asili kukiri kwamba ameipata. Akikataa, kukataa kwake hakumwokoi. Mahakama ikiridhika kwamba kweli alipewa akakataa, itahesabu kuwa wito umemfikia. Na asipopatikana kabisa, wala asiwepo wa kumpokelea, baada ya bidii zote za haki samansi hubandikwa kwenye mlango wa nje wa nyumba anayoishi au mahali anapofanyia kazi, na mpelekaji aapie hilo pia. Hata hilo likishindikana, mahakama inaweza kuruhusu njia mbadala, na miongoni mwazo ni tangazo gazetini. Wasomaji wa magazeti wameziona hizo ilani ndogo ndogo zilizosongamana kurasa za nyuma, na wachache huzisoma. Ndiyo maana njia hiyo haipaswi kuwa ya kwanza. Mdai anayekimbilia gazetini ilhali anaujua mlango wa mdaiwa anatafuta namna ya kuita bila kusikika.

Kwa nini sheria ikashikilia kiapo? Kwa sababu hati hiyo moja ndiyo inayotenganisha kesi ya watu wawili na kesi ya mtu mmoja. Mdaiwa asipofika katika muda aliopewa, mdai huwasilisha hati ya kiapo na kuomba hukumu. Kama anachodai ni kiasi maalumu cha fedha, hukumu hiyo inaweza kutolewa bila shahidi hata mmoja kusimama. Kama anachodai ni fidia ambayo haijakadiriwa, atapewa hukumu ya awali kisha atakuja kuthibitisha kiasi chake, mdaiwa akiwa hayupo. Baada ya hapo ni amri ya utekelezaji, na baada ya amri ni dalali. Uongo wa mistari mitatu katika hati ya kiapo unaweza kumtoa mtu katika nyumba aliyoijenga kwa miaka thelathini.

Haki ya kuitwa kabla ya kuhukumiwa ina historia ndefu katika sheria ya Uingereza, ambayo kwayo mahakama zetu zilichota mengi. Kisa kimoja kinawafaa sana walimu, kwa kuwa mhusika wake alikuwa profesa. Richard Bentley alikuwa mkuu wa Chuo cha Trinity na profesa wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1717 Mfalme George wa Kwanza alipozuru chuo hicho, wasomi kadhaa walitunukiwa shahada ya udaktari, naye Bentley akamtoza kila mmoja ada ya gini 4. Mmoja wao, Conyers Middleton, alilipa, kisha mwaka 1718 akamshtaki katika mahakama ya chuo ili arudishiwe fedha zake. Bentley aliibeza hati ya wito aliyopelekewa na kuitolea mahakama hiyo maneno ya dharau. Wakubwa wa chuo wakaghadhibika, wakamvua shahada zake zote, bila kumwita aje ajieleze kuhusu dharau hiyo.

Bentley alikwenda katika mahakama ya Mfalme. Mwaka 1723 majaji waliamua kwamba, hata kama alikosa adabu, hakupaswa kuadhibiwa kabla ya kuitwa na kusikizwa. Jaji Fortescue aliikumbusha mahakama kwamba hata Mungu hakumtoa Adamu katika bustani ya Edeni kabla ya kumwita, kumwuliza yuko wapi, na kumpa nafasi ya kujibu. Mwaka uliofuata Bentley alirejeshewa shahada zake. Tazama kinaya cha mambo: mtu aliyeudharau wito ndiye aliyeokolewa kwa sababu hakupewa wito.

Katika Kenya ya leo msingi huo umeandikwa ndani ya Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 50 inampa kila mtu haki ya mgogoro wake kuamuliwa kwa haki na hadharani mbele ya mahakama au chombo kisichopendelea. Ibara ya 25 inaiorodhesha haki ya kusikizwa kwa haki miongoni mwa zile chache ambazo haziwezi kuwekewa mipaka na sheria yoyote. Mahakama ya Rufaa nayo ilifafanua mwaka 2016 kwamba hukumu inayotolewa mdaiwa asipofika ni za aina mbili. Kama samansi ilimfikia ipasavyo naye akanyamaza, hukumu ni halali, na akitaka iondolewe inambidi aeleze sababu ya kuchelewa kwake na aonyeshe kwamba ana utetezi wenye mashiko. Mahakama ina hiari ya kumkubalia au kumkatalia. Lakini kama samansi haikumfikia ipasavyo, hukumu hiyo ni batili, na kuondolewa kwake ni haki yake, si fadhila ya mahakama.

Wapo watakaonijibu kwamba Ibara ya 159 ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kujali mno masuala ya kiufundi ya taratibu, kwa hiyo haya ya muhuri na mlango na mtu mzima wa familia yasiwazuie wadai wenye haki zao. Hoja hii si ya kupuuzwa. Nimewaona wajane waliofiwa na waume barabarani wakizungushwa kwa miaka na kampuni zinazojua kuukwepa wito. Mdai naye ni binadamu, na haki iliyocheleweshwa humuumiza. Lakini kosa la tahajia katika jina, au karatasi iliyopangwa vibaya, ni ufundi. Kumhukumu mtu ambaye hakuitwa si ufundi, ni dhuluma. Na mdai mwenye haki hapotezi kitu kwa wito ulio safi. Anayeita kwa njia za mkato hujijengea hukumu juu ya mchanga, ikaja kubomolewa akaanza upya.

Mambo yamezidi kubadilika. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliruhusu samansi kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu ya mkononi, kama vile WhatsApp. Sharti ni kwamba itumwe kwenye anwani ya mwisho iliyothibitishwa na kutumiwa na mdaiwa, au nambari yake ya simu ya mwisho inayojulikana na kutumika, na aliyetuma aiambatishe ithibati ya kufika kwa ujumbe kwenye hati yake ya kiapo. Angalia kwamba kinachohesabiwa ni kufika, si kusomwa. Mtu anayeacha ujumbe asioujua mwenyewe bila kuufungua kwa mwezi mzima anaweza kujikuta amekwisha kuhukumiwa. Nayapokea mabadiliko haya kwa mikono miwili, maana yamewapunguzia wadai gharama na yamewanyima wakwepaji mlango wa uani. Hata hivyo nina hadhari. Watu wetu hubadilisha nambari za simu, na katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu watatu. Hakimu anayeonyeshwa picha ya ujumbe uliofika hana budi kuuliza nambari hiyo ilikuwa ya nani siku ile. Kanuni zinampa uwezo wa kumwita aliyepeleka samansi na kumhoji kwa kiapo kila inapodaiwa kwamba wito haukufika sawasawa. Uwezo huo ukitumiwa mara kwa mara, hati za kiapo za uongo zitapungua.

Limebaki jambo moja ambalo linanikereketa kama mpenzi wa lugha hii. Fomu za samansi zilizoambatishwa na Kanuni za mwaka 2010 zimeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai nayo imeruhusu Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini tangu zamani. Basi kwa nini mama wa Kwale au mfugaji wa Garissa apewe karatasi inayomwonya kwamba asipofika ataamuliwa bila yeye, na onyo lenyewe liwe kwa lugha ambayo hawezi kuisoma? Wito usioeleweka umekaribiana sana na wito usiofika. Sidai kwamba Kiingereza kiondolewe. Nasema kwamba upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo, ambao huwa mtupu, upigwe chapa maneno hayo hayo kwa Kiswahili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kuzifufua kesi zilizoamuliwa watu wakiwa gizani.

Walimu wa Kiswahili wasiingoje Serikali katika hili. Tunawafunza vijana kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ratiba na tawasifu kazi, na tunafanya vyema, kwa kuwa watazihitaji maishani. Je, samansi hawataihitaji? Mwalimu na atunge samansi ya mfano, aiweke mbele ya wanafunzi, awaulize: Mahakama ipi inaita? Nambari ya kesi ni ipi? Muhuri uko wapi? Siku za kufika ni ngapi, nazo zinaanza kuhesabiwa lini? Kiambatisho kipo? Somo hilo litawafunza ufahamu, istilahi na uraia kwa mpigo mmoja. Na kijana aliyelipata atakuwa taa ya nyumba yao, maana katika familia nyingi aliyesoma ndiye anayeitwa kuifasiri karatasi iliyoletwa na mgeni.

Kwa hivyo, msomaji, siku karatasi hiyo ikikujia, usiikimbie wala usiichane. Itazame muhuri, isome hati ya madai, andika tarehe uliyoipokea pembeni mwa ukurasa, kisha uzihesabu siku zako. Tafuta ushauri mapema, uwasilishe taarifa yako ya kufika, kisha ulikatae aitiwalo kwa hoja na ushahidi kama si kweli. Na kama wewe ndiwe unayemwita mwenzako mahakamani, mwite kwa jina lake, mlangoni pake, kwa lugha ya ukweli. Hukumu utakayoipata hapo ndiyo itakayodumu.